Hapa Wapi?

Habari kwamba Sada ameonekana pwani akiwa ndani ya eda ilimfikia yeye mwenyewe ikiwa imekwisha kuzunguka Kilwa Kivinje nzima. Aliyemletea ni jirani yake, Apolonia, aliyeingia kwa mlango wa uani na beseni la vitumbua kichwani, akalitua juu ya ukingo wa kisima na kuketi bila kukaribishwa.

"Mama Warda, nakuuliza, usinikasirikie. Jumatano jioni ulitoka?"

"Nitoke niende wapi?"

"Pwani. Kule nyuma ya soko la samaki. Wanasema umeonekana."

"Na nani?"

Apolonia akafikiri kidogo. "Hapo ndipo sielewi. Kila niliyemuuliza ameambiwa na mwingine. Aliyekuona kwa macho hayupo."

Sada alikuwa ameketi juu ya mkeka, amevaa nguo nyeupe zisizo na urembo wowote, akichambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Vidole vyake vilitoa chuya moja, kisha nyingine, kana kwamba swali lilikuwa limeulizwa kwa mtu aliye nyumba ya pili.

"Tangu mume wangu azikwe, mguu wangu haujavuka kizingiti kile," alisema hatimaye. "Chumvi unaniletea wewe. Vocha ananinunulia Warda. Hata kuku wakitoka nje, nawaita nikiwa huku ndani."

"Mimi najua. Ndiyo maana nimekuja kukuambia, sikuja kukuuliza."

"Umeniuliza."

"Nimeuliza kwa adabu tu, Mama Warda. Mtu hawezi kuanza na habari mbaya moja kwa moja." Apolonia akafunua beseni, akatoa vitumbua viwili na kuviweka kwenye kisahani. "Kula. Kwetu sisi mjane akienda pwani, watu husema ameenda kupunga upepo, yakaisha. Nyinyi mna kazi."

Sada alitabasamu kidogo, lakini hakula. Alikuwa anafikiria nyumba.

Mumewe, Yasini, alikuwa fundi wa kupaka chokaa katika majumba ya kale ya mji huo, na nyumba hii ya mawe aliirithi kwa wazazi wake na kuitengeneza kwa mikono yake. Alipofariki aliacha mke na binti mmoja, bila mtoto wa kiume. Kwa hiyo, kwa sheria ya mirathi, kaka yake Abilahi na dada yake Salima nao walikuwa na fungu lao humo, na Sada hakuwahi kulipinga jambo hilo. Lakini siku ya hitma ya arobaini, ndugu wote walikubaliana kwamba nyumba haitauzwa wala kugawanywa madhali Sada angali hai na hajaolewa. Walikubaliana kwa mdomo, kwa heshima ya marehemu. Na jambo lililofungwa kwa mdomo, Sada alijua, hufunguliwa kwa mdomo vilevile.

Jioni ile binti yake, Warda, alirudi kutoka mji wa Masoko, ambako alikuwa akiuza katika duka la dawa. Alivua viatu mlangoni na kusimama hapo, mkoba ungali begani.

"Mama, mjomba Saad kanipigia kutoka Kiranjeranje. Baba mkubwa Abilahi amemwita aje Jumapili."

"Aje kufanya nini?"

Warda akatazama sakafu. "Ameambiwa aje na gari la kubebea mizigo."


Mtu anayekaa ndani ya kuta zilezile kwa muda mrefu huanza kuziona. Sada aliolewa katika nyumba hii akiwa msichana, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amezipita kuta zake kama mtu anavyoipita barabara. Sasa alizijua. Alijua mahali ambapo chokaa ilibanduka na kuacha jiwe la matumbawe likichungulia, lenye vijitundu kama sega la asali. Alijua kutu ya bati la jikoni, iliyokuwa ikitanda kutoka kwenye msumari na kufanya duara juu ya duara. Alijua ukili wa jamvi ulivyopishana, mstari mweusi ukizama chini ya mweupe na kuibuka tena upande wa pili, na alijua saa ambayo jua lilipenya kwenye makuti ya uani na kumwaga sarafu za mwanga juu ya mtungi.

Vitu hivyo alivipiga picha. Simu yake ilikuwa ya zamani ya Warda, kioo chake kimepasuka pembeni, lakini kamera ilikuwa nzima. Aliisogeza karibu mno, mpaka kitu kikapoteza jina lake: ukuta ukaacha kuwa ukuta, ukawa mashimo na vivuli, masizi ya chungu yakawa anga la usiku. Kisha aliandika chini yake maneno mawili, *Hapa wapi?*, na kuituma picha hiyo kwa wasapu kwa namba aliyoihifadhi kwa jina la Baba Warda.

Desturi hiyo ilianza Yasini alipougua. Miguu ilikataa kwanza, halafu mgongo, na fundi aliyezoea kupanda ngazi akawa mtu wa kitandani. Aliuliza kila siku kuhusu nyumba: ule upande wa kisima umelowa, ile boriti imeinama? Sada alichoka kueleza, akaanza kupiga picha na kumtumia kutoka uani hadi chumbani. Siku moja alimtumia picha bila maelezo ili amjaribu, na Yasini akabahatisha mahali hapo sawasawa. Tangu siku ile ukawa mchezo wao.

Alijua kwamba maiti hapokei picha. Alijua pia kwamba mkono umeshazoea. Simu ya Yasini, kwa alivyoamini yeye, ilikuwa imezimwa na kuwekwa kwenye sanduku pamoja na kanzu zake, ikingoja eda iishe ndipo vitu vya marehemu vigawanywe. Mwanzoni alama iliyotokea chini ya kila picha ilikuwa moja, ya kijivu. Baadaye zikawa mbili, tena za buluu. Akadhani ni simu yake inayoanza kuzeeka. Warda angeweza kumweleza, lakini kwa Warda hakusema neno. Kumwandikia marehemu ni jambo ambalo mtu hulifanya peke yake.


Simu ya Yasini haikuwa kwenye sanduku. Salima aliitoa chini ya mto siku ya mazishi na kumkabidhi kaka yake Abilahi, ili awajibu watu waliokuwa bado wakimtafuta marehemu kwa kazi. Salima alidhani Abilahi angemwarifu shemeji yao. Abilahi alidhani Salima amekwisha kumwarifu. Kwa hiyo hakuna aliyefanya hivyo.

Abilahi alikuwa na duka la nyavu, kamba na ndoana karibu na soko. Simu aliiweka kwenye rafu, ikichajiwa kati ya makopo ya rangi, na siku aliyoiunganisha na mtandao, picha za Sada ziliingia zote kwa mkupuo. Alifungua na kuona nyufa. Alifungua nyingine na kuona kutu, na nyingine ukungu, na nyingine ukuta uliobanduka. Na chini ya kila moja: *Hapa wapi? Hapa wapi?*

Katika jumbe hizo hakupanda juu zaidi ya siku ya msiba. Huko kulikuwa na maneno ya mke na mume, naye alikuwa mtu wa haya. Alijiambia kwamba yale yaliyoandikwa baada ya mazishi bila shaka aliandikiwa yeye, mwenye simu sasa, na akayasoma kama lawama: tazameni, enyi warithi, nyumba mnayojidai kuniachia ilivyochakaa. Aliudhika, lakini alinyamaza. Alisema moyoni kwamba majonzi humfanya mtu aseme mengi.

Kisha, Jumatano jioni, ikaingia picha ya pwani. Maji yametoka, mchanga umebaki na mawimbi yake madogomadogo, jua la magharibi limeegemea kila tuta, na kijia cha nyayo za ndege kinakata katikati. Chini yake: *Hapa wapi?*

Abilahi alikaa kitako juu ya robota la nyavu. Kutoka nje ndani ya eda ni kosa. Lakini kutoka, halafu kumtumia picha shemeji yako na kumuuliza umetoka umekwenda wapi, hiyo ni dharau ya aina ambayo hakuwahi kutendewa na mtu yeyote. Hakumwonyesha mtu picha ile, kwa sababu aliona si vema kuonyesha yaliyo kwenye simu ya marehemu. Alimweleza tu mkewe, kwa sauti ya chini, mlangoni pa duka. Mkewe alimweleza mtu mmoja. Na huyo mmoja alikuwa na foleni ya watu kumi mbele ya mashine ya kusaga.


Jumapili baada ya adhuhuri kirikuu, kigari cha mizigo, kilisimama mbele ya nyumba, na kila aliyepita alikiona. Saad, kaka yake Sada, alishuka akiwa amevaa kanzu yake ya Idi. Dereva alibaki kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani na kuuliza kwa sauti ya kusikika hadi msikitini: "Mzee, mizigo ipo tayari?"

Walikaa ukumbini: Abilahi na Saad juu ya jamvi, Salima kwenye kigoda, Warda kwenye kizingiti cha jikoni. Sada, kwa kuwa mwanamke wa eda hakai mbele ya shemeji yake, alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Waliona tu vidole vya miguu yake chini ya upindo wa kitambaa.

"Salaam aleikum, shemeji," alisema Abilahi.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Abilahi alikohoa. Alikuwa amejiandalia maneno, na sasa aliona hayakai vizuri mdomoni. "Nimemwita kaka yako asikie kwa masikio yake, asije akasema tumekuonea. Hapa tulikubaliana jambo, kwa heshima ya ndugu yetu. Lakini na mwenzetu naye ailinde heshima hiyo. Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

"Humu ndani."

"Mimi nina picha."

"Picha yangu?"

"Picha uliyoipiga wewe mwenyewe. Pwani, maji yametoka, mchanga una mawimbi, hata nyayo za vitwitwi, wale ndege wa pwani, zinaonekana."

Nyuma ya pazia, Sada alikuwa akijitahidi kwa dhati kukumbuka. "Sijapiga picha ya pwani," alisema.

"Sada," alisema Saad kwa upole, "kama ulitoka, sema tu. Nyumbani kuna nafasi. Hakuna atakayekuuliza."

Saad alisema hivyo kwa nia ya kumsaidia, na ndiyo maana maneno hayo yalimuuma Sada kuliko ya Abilahi.

"Mwonyeshe basi hiyo picha," alisema Salima.

"Si vizuri. Mambo ya kwenye simu ya mtu."

"Kaka, mjini umeshaisema. Kuionyesha ndiyo itakuwa aibu?"

Abilahi aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu na kutoa simu. Warda akainuka nusu kutoka kizingitini.

"Hiyo simu ya baba."

"Simu gani?" Sada aliuliza kutoka ndani.

"Simu ya baba, mama. Anayo baba mkubwa."

Vidole vya miguu vilivyoonekana chini ya pazia vilirudi nyuma, vikapotea.

Salima alipokea simu ili ampelekee wifi yake. Njiani aliisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. "Hii?"

"Hiyo hiyo."

Salima alianza kucheka, akajikumbusha yuko nyumba gani, akafunika mdomo kwa ukaya. "Huu unga."

"Unga wa nini?"

"Unga wa mtama, ule aliouleta Saad. Ulishika unyevu, wifi akauanika uani. Mimi nilikuwepo Jumatano alasiri. Kifaranga kikakatiza juu yake, nikakifukuza kwa ndala. Hao ndio vitwitwi wako."

"Unga hauna mawimbi, Salima."

"Unaparuzwa kwa vidole ili upate hewa. Wewe umewahi kuanika unga lini? Na nilichota bakuli nikaondoka nalo. Alhamisi ulikuja kwangu ukala ukashiba, ukaniuliza mbona ugali wa leo mweusi."

Saad alijongea kutazama. "Lile gunia lilinyeshewa njiani," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

Nje, dereva alipiga honi mara moja.

Abilahi alikuwa mtu aliyezoea kuaminiwa. Kipimo chake cha kamba hakikurudiwa na mnunuzi yeyote. Kukosea mbele ya dada yake, mtoto wa ndugu yake na mkulima wa Kiranjeranje kulimfanya ashike kwa nguvu zaidi kile kilichobaki mkononi.

"Haya, unga. Nimekubali ni unga. Lakini kwa nini kunisimanga? Picha za kutu, za ukungu, za ukuta unaobanduka, na chini yake 'Hapa wapi, hapa wapi', kama unacheza na mtoto. Nyumba ikiwa na ubovu, niambie. Mimi ni mtu mzima. Na mtu anayetusimanga, sisi tunamwachia nyumba kwa wema gani?"

"Sikukuandikia wewe, shemeji. Sikujua simu unayo."

Abilahi akamgeukia Salima. "Hukumwambia?"

"Si wewe uliyekuwa nayo?"

"Wewe ndiye uliyenipa."

"Nilikupa. Sikukupa na ulimi wangu."

Abilahi aliligeukia tena pazia. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi ulikuwa unamwandikia nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye simu."

Saad aliinamisha kichwa na kuanza kung'oa uzi mmoja uliochomoza kwenye jamvi. Warda alilitazama pazia kana kwamba ndilo mama yake.

"Shemeji," alisema Abilahi polepole, "mwenye simu amekufa."

"Najua. Mimi ndiye niliyemfumba macho." Kisha Sada akasema tena, safari hii kwa sauti thabiti zaidi: "Panda juu kwenye hiyo simu. Usiishie msibani. Panda mpaka kabla ya msiba."

"Huko sijasoma. Hayo ni maneno ya mke na mume. Wallahi sijagusa."

"Nimekuamini. Sasa soma."

"Siwezi."

"Mjini kote mmesema nimetoka nje nikiwa edani. Yaliyobaki kuyaficha ni yapi? Wifi, soma wewe. Soma kwa sauti."


Salima alisoma kama mtu anayesoma tangazo ubaoni, bila kupandisha wala kushusha sauti. Kila alipofika kwenye picha aliieleza kwa maneno machache, kisha akaendelea.

"Hapa kuna kijani kijani. Wifi anasema: Hapa wapi? Yasini anasema: Chini ya mtungi. Ukungu umerudi, sugua kwa jivu." Alivuta kwa kidole. "Hapa kuna duara za rangi ya kahawia. Hapa wapi? Yasini: Bati la jikoni, kwenye msumari wa pili. Mwambie fundi Bakary alibadilishe kabla ya mvua. Hapa… hapa kuna maua. Hapa wapi? Yasini: Leo umenishika. Wifi: Mgongo wa sahani uliyonigombeza nisiinunue. Yasini: Kumbe nzuri."

Warda alicheka kwa pua. Alikuwa analia.

"Hapa giza na vumbi. Yasini: Uvunguni, upande wako. Na ile ndala yangu naiona hapo pembeni. Siku zote mnaniambia imepotea." Salima akavuta tena kwa kidole. "Yasini: Njoo ulale. Kuta zitakuwepo kesho. Wifi, na hii niisome?"

"Umeshaisoma."

Salima aliendelea na picha nyingine mbili, kisha akasimama kabisa. Midomo yake ilisogea bila sauti.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Abilahi.

"Macho yamechoka."

Abilahi alinyoosha mkono, akachukua simu na kuitazama. Picha ilionyesha ufa mrefu kwenye ukuta, uliotawanyika kama mto unaoingia baharini. Aliyoyakuta chini yake aliyasoma mwenyewe, kwa sauti, kwa sababu alianza kusoma kabla hajajua yanasema nini.

"Nyuma ya mlango wa Warda. Ufa huu usimwonyeshe kaka. Atasema nyumba imechoka, tuiuze."

Kifaranga kililia uani. Abilahi aliiweka simu juu ya goti.

"Sijawahi kusema hivyo."

"Umesema," alijibu Salima.

"Lini?"

"Kwenye msiba wa mama. Ukarudia Idi."

"Nilisema kama wazo tu."

"Naye alilisikia kama wazo tu. Ndiyo maana akaficha ufa tu, hakukuficha nyumba nzima."

Abilahi alivuta kidole kwenye kioo, labda ili asitazamwe usoni, na picha zikapita moja baada ya nyingine mpaka akafika mahali ambapo majibu yaliisha. Ilikuwa picha ya mwisho kabla ya msiba, ya asubuhi ile ile ya kifo.

"Hii haina jibu," alisema.

"Ipi?" Sada aliuliza.

"Kitu kikavu, kimepasukapasuka. Rangi ya vumbi." Aliitazama kwa makini, sasa kwa macho ya mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo. "Huu ni ukuta wa upande wa kaskazini. Pale chokaa ilipokauka upesi, ikapasuka."

"Sio."

Alimpa Saad. "Mimi naona kama majaruba ya mpunga," alisema Saad, "maji yakishakauka."

"Sio."

Salima alisema ni ukoko wa chungu. Warda alikuja akachuchumaa kati yao, akakuza picha kwa vidole viwili, akaipunguza, akaikuza tena. "Sijui," alisema. "Mama, hapa wapi?"

Pazia lilitikisika kidogo, kama mtu aliyeegemea mlango amebadilisha mguu.

"Kisigino chake," alisema Sada. "Chokaa ilimla miguu tangu ujana. Alikuwa amelala, nikafunua shuka nikapiga. Nikasema, hii akiamka hataiweza. Nikamtumia, nikakaa pembeni nasubiri acheke. Hakuamka."

Honi ilipigwa tena nje, mara mbili. Hakuna aliyeinuka. Saad alikuwa ameushika ule uzi wa jamvi bila kuuvuta.

Hatimaye Abilahi ndiye aliyesema. "Saad, mwambie dereva aende. Kama kuna gharama ya safari, nitaimaliza mimi dukani." Kisha, bila kuligeukia pazia: "Shemeji, yale tuliyokubaliana kwenye hitma yapo palepale. Na kesho nitapita sokoni niseme ilikuwa unga."

"Utasema mwenyewe?" aliuliza Salima.

"Kwani ya kwanza alisema nani?"

Alisogea kwenye pazia, akaiweka simu sakafuni na kuisukuma kwa ncha ya kidole mpaka ikapita chini ya upindo. "Hii ni ya Warda," alisema. Alikuwa amekwisha kugeuka kwenda zake aliposimama tena.

"Nyuma ya mlango wa Warda, siyo?"

"Ndiyo," alisema Sada. "Kuanzia bawaba ya juu."

Abilahi aliingia chumba cha Warda, akafunga mlango ili kuona nyuma yake. Walimsikia akigonga ukuta kwa kiganja, hapa, kisha chini kidogo, kisha hapa tena. Alipotoka alikuwa na chokaa kwenye mkono wa kanzu na hakuipangusa.

"Haujafika ndani," alisema. "Bakary atakuja Jumanne. Ataingia kwa mlango wa mbele, wewe kaa huko huko chumbani."


Jambo hilo halikuisha siku moja. Kule sokoni walikuwepo waliosema kwamba Abilahi ameona haya tu, na waliosema unga ni unga na pwani ni pwani. Apolonia aliwajibu wote kwa kuwauliza kama wamewahi kula mchanga wa pwani kwa mchuzi, maana Abilahi alikula akashiba. Bakary alikuja Jumanne na ndoo yake, akauziba ufa. Doa jeupe, lenye unyevu, lilibaki nyuma ya mlango wa Warda kama mto uliojazwa.

Sada hakupiga picha yoyote kwa siku kadhaa. Alisema kamera imechoka. Kisha alasiri moja, Warda akiwa chumbani kwake baada ya kazi, simu ya baba yake ililia juu ya kitanda. Warda aliichukua. Ilikuwa picha ya mistari myembamba, myeusi na myeupe, iliyosimama sambamba na kukatwa ghafla na kivuli. Chini yake palikuwa na maneno mawili.

"Mama," aliita, "hii nayo ni nini?"

Sada alikuwa uani, mgongo umeegemea kisima, ungo mapajani. Alimsikia binti yake akitoka chumbani, akipita ukumbini, akisimama mbele ya jamvi, akiendelea, akiinamia mtungi, akifungua mlango wa jikoni na kuufunga.

"Nipe hata upande tu," alisema Warda. "Ni ndani au nje?"

Sada alitoa chuya moja kwenye mchele na kumtupia kuku. Yasini naye alikuwa hapendi kusaidiwa.